Piteni mtaa wa nyuma

Wiki hii mmeuliza kama mwendesha baiskeli mjini ashike barabara kuu iliyo fupi, au azunguke mitaani kukwepa moshi. Mimi nasema azunguke, mradi asirefushe safari kupita kiasi, kwa sababu muda wa kuvuta hewa chafu nao una hesabu yake.

Anayekanyaga pedali huvuta hewa mara mbili hadi nne ya aliyekaa garini. Akianza kuhema huvuta kwa mdomo, na pua haipati nafasi ya kuchuja. Hewa hiyo ina chembe za PM2.5, nyembamba mara thelathini hivi kuliko unywele, na nyingine ndogo zaidi zinazoweza kupenya mapafu hadi kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kikomo linachopendekeza cha PM2.5 kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo, na cha nitrojeni dioksidi, gesi iliyomo kwenye moshi wa magari, kutoka 40 hadi 10. Nani bado anaona moshi wa magari ni kero tu ya pua?

Bahati nzuri, zile chembe ndogo kabisa hazifiki mbali. Hupungua upesi kadiri unavyoiacha barabara, na ukishasogea mita mia mbili au tatu hewa hukaribia ile ya mji kwa jumla. Hata mtaa wa pili tu, wenye nyumba zinazoukinga, una nafuu. Kelele nazo hupungua, na kelele za magari zina madhara kwa moyo.

Pabaya kuliko pote ni kwenye taa. Magari yamesimama injini zikinguruma, kisha taa ya kijani ikiwaka madereva wote wanakanyaga mafuta kwa pamoja, na wewe ndipo unapohema kwa nguvu ili uondoke. Malori mengi yana bomba la moshi chini ubavuni, usawa wa goti lako. Mimi husogea mbele ya magari panaporuhusiwa. Pasiporuhusiwa nabaki nyuma mita kadhaa, upande upepo unakotokea. Ndiyo maana nikichagua njia hutazama kwanza ina taa ngapi.

Lakini si kila mtaa mdogo ni mzuri. Uliobanwa na majengo marefu pande zote mbili hufungia moshi ndani. Mlima nao una siri yake: pandia mtaa usio na magari, kwa kuwa hapo ndipo unapohema zaidi, na kama barabara kuu haikwepeki, iache kwa kuteremkia. Asubuhi ya baridi isiyo na upepo moshi hutuama chini, basi anayeweza kuchelewa kidogo achelewe. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi, na chembe hizo nyingi hupita.

Asiuze mtu baiskeli yake kwa haya. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika miji mingi duniani faida ya mazoezi inazidi madhara ya hewa. Wanaopaswa kubadilika zaidi ni wapanga miji, wanaochora mstari wa rangi pembeni ya barabara ya malori na kuuita njia ya baiskeli. Waihamishie njia hiyo mtaa wa nyuma, wapande miti, na waweke vizuizi magari yasipite humo kukwepa foleni.