Usikate jani, gawa shina

Mdau, umeuliza kama lile chipukizi fupi la mistari ya njano lililojitokeza kwenye sansevieria yako (ule mmea wa mapambo wa majani magumu yaliyosimama) unaweza kulizalisha kwa kukatakata jani. Hapana, utajuta. Vipande vitaota, lakini watoto watatoka kijani kitupu, kwa sababu njano hiyo imekaa kwenye baadhi tu ya tabaka za seli, na chipukizi la kipande cha jani kwa kawaida huanzia kwenye seli za kijani.

Gawa. Subiri chipukizi liwe na mizizi yake, kata shina la chini ya udongo kwa kisu kisafi, acha kidonda kikauke siku mbili tatu, kisha panda.

Ufupi ni habari nyingine. Mwaka 1939 huko New Orleans, Marekani, mmea mfupi ulionekana kati ya 'Laurentii' ndefu, aina ya sansevieria yenye asili ya Kongo. Ukapata hataza (haki ya kisheria ya ugunduzi) mwaka 1941 kwa jina 'Hahnii'. Baadaye 'Hahnii' nayo ikatoa chipukizi la kingo za njano: 'Golden Hahnii'. Kata jani lake uone: mtoto anabaki mfupi, njano inapotea!

Usikimbilie kuupa mmea wako jina wala kuuza. Gawa mara tatu nne, uone kama watoto wote wanafanana. Likitokea la kijani kitupu, ling'oe mapema, lina nguvu zaidi na litawameza wenzake. La njano tupu linapendeza, ila likitenganishwa na mama halina kijani cha kujitengenezea chakula.