Maswali Yenu: Wageni Walioletwa na Maji na Ukame

SWALI: Wifi yangu amehamia kwangu Kisauni kutoka Garsen, yeye, mumewe na watoto 4, baada ya Mto Tana kufurika. Wamekuja na nguo za mwilini tu. Je, hawa ni wakimbizi? Nianzie wapi?

Pole bi, na ahsante kwa kuwafungulia mlango. Kisheria, mkimbizi ni aliyevuka mpaka wa nchi. Wifi yako ni mkimbizi wa ndani, na sheria ya Kenya ya 2012 inawatambua pia waliong'olewa na majanga ya asili, si vita pekee. Hahitaji kibali cha mtu kukaa Kisauni.

Anza na maji, karatasi baadaye. Watu 6 kwa lita 15 kila mmoja kwa siku ni lita 90, yaani mitungi minne na nusu ya lita 20. Visima vyetu vingi ni vifupi na vyoo vya shimo viko jirani, kwa hivyo maji ya kunywa yatibuni kwa klorini, yaani dawa ya maji, hata kama yanaonekana meupe. Klorini hushindwa kwa sababu mbili: maji yana tope, dawa ikaishia kwenye tope, au mtungi una utelezi ndani. Sugueni mtungi, chujeni maji kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, tieni dawa kwa kipimo cha kibandiko, kisha ngojeni dakika 30. Mtoto akianza kuharisha na hamna chumvichumvi ya dukani (ORS, ya kurudisha maji mwilini), changanyeni lita 1 ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Msizidishe chumvi, inadhuru. Kuharisha kukiwa kama maji ya mchele, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo huku mkimnywesha njiani.

Sasa karatasi. Kwenye kituo cha polisi, abstrakti, yaani hati ya kuthibitisha upotevu, itaje kila kilichopotea: kitambulisho cha baba, cha mama, na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Wengi huandikisha kitambulisho kimoja tu, kisha wanarudi foleni upya. Namba za vyeti vya watoto huwa zimo kwenye rekodi za shule waliyotoka, basi mpigieni simu mwalimu mkuu. Ndipo mwende Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali. Shule isingoje vyeti: Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Tena, wajulisheni mzee wa mtaa hapa na chifu wa kule kwao, kwani jina likikosekana kwenye orodha ya misaada ya kule, kulirudisha ni taabu.

SWALI: Jirani yetu Likoni ametoka Somalia, mifugo yake yote imekufa kwa ukame. Anaweza kuomba hifadhi?

Kuomba anaweza. Ukame peke yake haumo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu wakimbizi, unaotaka mtu awe anahofia kuteswa kwa ajili ya kabila, dini, uraia, kundi la kijamii au siasa. Lakini Mkataba wa Afrika wa 1969 na Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 vinamtambua pia aliyekimbia machafuko makubwa nchini mwake. Mara nyingi ukame na bunduki huenda pamoja: kisima kimekauka, na njia ya kisima kingine imeshikwa na wenye silaha. Wakiulizwa, watu husema "njaa" wakanyamaza. Aeleze yote yaliyomtokea, kwa ukweli, bila kutia chumvi. Aende mapema kwenye Idara ya Huduma za Wakimbizi. Kujiandikisha ni bure. Anayedai pesa ni tapeli.

SWALI: Msikiti wetu unakusanya nguo za waathiriwa wa mafuriko. Inafaa?

Ikiwa maduka ya kule yako wazi, tumeni pesa kwa simu: mama mwenye nyumba ndiye ajuaye kama anakosa unga, sodo au dawa. Barabara ikikatika na duka likiwa tupu, pesa hazitasaidia. Hapo pelekeni vyandarua, sufuria, mitungi yenye vifuniko, na turubai za mita 4 kwa 6 pamoja na kamba za kuzifungia.