Daraja la gitaa la besi la zamani likipinda, jua kwanza ni chuma gani

Nyuzi 4 za gitaa la besi zikishakazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi, usiku na mchana. Mzigo huo hubebwa na daraja, yaani kipande kinachoegemeza nyuzi mwilini, na mkia, yaani pale nyuzi zinapofungwa. Kwa hiyo ukishika besi ya miaka ya 1960 au 1970, usianze kuipiga. Ilaze mezani, inama, itazame kwa ubavu.

Daraja la besi za zamani za kampuni ya Fender ni bati la chuma lililokunjwa nyuma likawa kama ukuta mdogo. Ukuta ukiinamia shingoni, skrubu ndefu za vikalio vya nyuzi (vipande vidogo vinavyobeba kila uzi) hukaa upande na sauti ya fireti ya 12 (kipau cha 12 cha shingoni) haikubali kulingana na ya uzi mtupu. Chuma hiki kinanyooka. Andika kwanza urefu wa kila kikalio, legeza nyuzi zote kidogo kidogo, kisha fungua daraja. Libane kwenye jiliwa kati ya vipande 2 vya mbao, usukume ukuta kwa mkono polepole huku ukipima kwa skwea, kipimo cha pembe mraba. Nyundo iache kando. Ukimaliza, tazama kwenye mkunjo: ukiona mstari mwembamba kama unywele, kromu, yaani ngozi inayong'aa juu ya chuma, imepasuka. Kwa hewa yetu ya chumvi ya pwani, kutu itapenya hapo upesi, basi pakaa mafuta mepesi mara kwa mara. Skrubu zilizoganda kwa kutu zitie tone moja la mafuta ya kulegezea, zilale hadi asubuhi. Ukilazimisha, kichwa kitakatika.

Mkia wa Rickenbacker 4001, besi ya kampuni nyingine, ni kesi nyingine kabisa. Mingi ni ya zinki ya kumimina, na skrubu zake hazifiki hadi mwisho wake wa nyuma, kwa hiyo nyuzi huunyanyua upande wa nyuma. Pitisha kipande cha karatasi chini yake. Kikipita kwa shida, uache ulivyo, ufunge nyuzi nyembamba zaidi. Kikiingia kwa nafasi, usithubutu kuugonga urudi: zinki ikikunjwa baridi hupasuka, na mkia wa asili ukishapasuka hauna dawa. Tafuta mwingine, na ule wa zamani uuhifadhi, maana sehemu ya thamani ya besi imo humo.

Kwenye besi za kampuni ya Gibson zenye daraja la nguzo 2, mara nyingi kilichopinda si daraja. Limepandishwa juu mno, likalalia mbele. Rekebisha mnyooko wa shingo ili daraja lishuke.

Wakati wa kurudisha daraja la Fender, hakikisha ule waya mwembamba unaotoka ndani ya mwili unagusa bati kwa chini. Usipogusa, spika itanguruma. Matundu yaliyolegea jaza vijiti vya meno na gundi ya mbao, subiri siku nzima ndipo ufunge skrubu. Kaza nyuzi nusu, ngoja saa moja, malizia. Kesho yake pima tena kwa skwea.