Ukungu wangu unageuka chokaa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nachora kwa rangi za mafuta bahari ya Tanga, alfajiri ya masika, mvua ikiwa bado imesimama kule mbali. Kila nikitaka ukungu naongeza nyeupe, na picha inakuwa kama ukuta uliopakwa chokaa. Bahari na mbingu zinaachana kama zimepigwa rula, na jahazi linaonekana limebandikwa. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Unakosea kwenye hiyo nyeupe. Nyeupe ya titani ina nguvu mno. Ukiitia kila mahali inapoza rangi zote na kuziua. Kazi ya ukungu ni kusogeza karibu vitu vilivyoachana: cheusi cha mbali hupauka, cheupe cha mbali hufifia. Kwa hiyo tanga la mbali si jeupe, hata kama jana ufukweni ulilishika likiwa jeupe pepe. Lipake rangi ya hewa iliyo nyuma yake, izidi giza kidogo tu, na ubavu wa chini wa jahazi uache upotelee majini.

Changanya lundo moja kubwa la kijivu: buluu ya ultramarini na siena iliyochomwa (kahawia nyekundu ya udongo), kisha nyeupe kwa ncha ya kisu. Hiyo ndiyo mbingu yako. Bahari itoke kwenye lundo hilohilo, buluu ikizidi kidogo. Paka zote mbili siku moja, na zikiwa bado mbichi pitisha brashi laini, kavu, pale zinapokutana. Mara mbili, tatu, basi. Ya nne huleta tope (nasema kwa uchungu). Giza lako zito liweke mbele tu, chini ya wimbi la karibu.

Halafu piga picha mchoro wako kwa simu, uiondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe, uone mwangaza peke yake. Mchoro wa Mfaransa Claude Monet wa bandari ya Le Havre, wa 1872, ukifanyiwa hivyo lile jua la machungwa karibu lipotee, maana mwangaza wake unakaribiana sana na wa mawingu yanayolizunguka. Linawaka kwa rangi. Jahazi lako likibaki limetuna kwenye picha hiyo ya simu, bado ni jeusi mno.

Tabaka la kwanza lipunguze kwa tapentaini, dirisha likiwa wazi. Mafuta ya kitani yazidi kwenye matabaka ya juu. Ukigeuza, la juu hukauka kwanza, kisha hupasuka. Mafuta hayo hukauka kwa kuvuta oksijeni, hayakauki kama nguo kambani, basi masika hii usiifungie picha kabatini.