Usimwekee mtu Linux kabla hujajua utakavyomfikia

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, maombi ya "njoo uniwekee hiyo Linux", yaani mfumo endeshi wa bure unaokaa badala ya Windows, yameongezeka. Naelewa kwa nini. Dar imejaa kompyuta za mtumba kutoka Kariakoo, nyingi zina prosesa za Intel za kizazi cha nne hadi cha saba, na Windows 11 inataka kuanzia cha nane, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine ina RAM ya GB 8, inafanya kazi vizuri tu, halafu inaambiwa umri umepita. Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, inakaa humo bila shida.

Sitaeleza namna ya kuiweka. Unapakua faili la ISO (mfumo mzima ndani ya faili moja) la karibu GB 3 (bando la usiku ndilo mahali pake), unahakiki sha256 yake (alama inayoonyesha halijaharibika njiani), unalichoma kwenye flashi kwa programu ya Rufus au Ventoy, unawasha mashine huku unabonyeza F12 au F9 kutegemea aina yake, unajibu maswali machache. Kinachowashinda wengi ni wiki ya pili, pale mwenye kompyuta yuko Mbagala Rangi Tatu, wewe uko Tegeta, printa imegoma na wateja wanasubiri. Ukipanda daladala saa kumi jioni kwenda kubadilisha mstari mmoja kwenye faili, utarudi usiku. Kwa hiyo mimi nina sharti: siweki Linux kwenye mashine ambayo siwezi kuiingia nikiwa kwangu.

Nichukue mfano wa mama mdogo, mwenye steshenari huko huko Mbagala. Anachapa, anaskani, anapiga picha za pasipoti, anawajazia wanafunzi fomu za mkopo, na karibu kila faili linamfikia kwa WhatsApp. Mtu wa aina hii usimuulize anapenda muonekano gani. Muulize anatumia printa gani na anapokeaje kazi. Printa nyingi za HP zinakubali kupitia programu ya hplip bila maneno mengi, lakini zipo printa ndogo za leza za zamani ambazo dereva yake ya Linux ni mateso. Ijaribu kwa flashi kabla hujafuta chochote, maana Mint inaweza kuendeshwa kwenye flashi bila kugusa diski. WhatsApp haina programu rasmi ya Linux, anaifungua kwenye kivinjari, na inatosha. Mwambie tu kwamba simu iliyobeba akaunti isipotumika kwa zaidi ya siku 14, kompyuta inatolewa. Telegram na Signal zina programu zao za Linux.

Sasa, wengi hudhani WhatsApp hiyo hiyo ndiyo njia ya kutoa msaada. "Nitamtumia amri, ataibandika." Jaribu uone. Kibodi ya simu yake inaanza kila sentensi kwa herufi kubwa, basi badala ya "sudo", neno la kuomba ruhusa ya msimamizi, anachoandika ni "Sudo", na taminali (dirisha la kuandikia amri) inamjibu kwamba amri hiyo haipo. Baadhi ya simu zinageuza vistari viwili kuwa kistari kimoja kirefu, na alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda. WhatsApp nayo ikiona nyota mbili inazila na kuyakoza maneno yaliyo katikati. Amri iliyotoka kwako nzima inafika imevunjika, na ninyi wawili mnaangalia kitu ambacho kwa macho hakina tofauti. Kama ni lazima utume, izungushie alama tatu za ` mwanzo na mwisho ili ibaki kama ilivyo, na aifungue kwenye kompyuta yenyewe, ainakili humo humo. Na yeye akutumie picha ya kioo kizima, asikusimulie. "Mwanangu, imeandika vitu vyekundu" ni taarifa ya kweli, lakini haitoshi.

Njia ya uhakika ni SSH, inayokuwezesha kuandika amri kwenye kompyuta iliyo mbali. Ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, Mfini wa chuo cha teknolojia cha Helsinki, baada ya mtu kunasa maneno ya siri ya watumiaji kwenye mtandao wa chuo. Wakati huo watu waliingia mashine za mbali kwa telnet, na kila walichoandika kilipita wazi. SSH inafunga mazungumzo yote, na kwa sisi wa bando ina faida nyingine: inabeba maandishi tu. Saa nzima ya kuhangaika na printa kwa SSH inakula data kidogo sana, wakati programu za kuonyesha kioo cha mwenzako kama RustDesk zinabeba picha muda wote. RustDesk niliwahi kuiweka kwa ajili ya kumwonyesha mtu mahali pa kubonyeza, hapo inafaa. Kwa matengenezo, SSH.

Mint haiji na upande wa kupokea SSH, kwa hiyo kabla hujaondoka: sudo apt install openssh-server. Halafu kwenye mashine yako tengeneza ufunguo (faili linalokutambulisha badala ya neno la siri) kwa ssh-keygen -t ed25519, upeleke kwa ssh-copy-id, uhakikishe unaingia nao, ndipo uandike PasswordAuthentication no kwenye mipangilio ya sshd, ile programu inayopokea. Mfuatano huo wa hatua usiugeuze, ukifunga neno la siri kabla ufunguo haujakubali umejifungia nje. Na ukishabadilisha, fungua dirisha la pili ujaribu kuingia kabla hujafunga la kwanza.

Hapo ndipo watu hukutana na ukuta. Ukiwa ndani ya Wi-Fi moja na mwenye kompyuta, kila kitu kinakwenda. Ukifika kwako, hakuna. Sababu ni kwamba steshenari nyingi zinapata intaneti kwa simu au ruta ya laini, na mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP. Hakuna namna ya kubisha hodi kutoka nje. Basi yeye ndiye atoke kuja kwako. Unahitaji seva ndogo ya kukodi, yaani kompyuta iliyo wazi kwenye intaneti, hata yenye RAM ya MB 512, ambayo mafundi wawili watatu mnaweza kuchangia. Kompyuta yake inapiga simu kwenye seva hiyo:

ssh -N -o ExitOnForwardFailure=yes -o ServerAliveInterval=30 -R 2222:localhost:22 msaada@seva

na wewe unaingia kwa kupitia hapo:

ssh -J wewe@seva -p 2222 mama@localhost

Amri ya kwanza naiweka ndani ya kitufe kwenye uso wa kompyuta, kimeandikwa MSAADA. Akikibonyeza mlango unafunguka, akifunga dirisha unafungwa. Naipenda njia hii kuliko tundu linalokaa wazi usiku na mchana, maana mashine ya steshenari ina vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA na barua za watu wasionijua kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, hayo siyo mafaili yangu. Kule kwenye seva, ufunguo wa kompyuta yake utangulize restrict,port-forwarding,permitlisten="2222",command="/bin/false" kwenye authorized_keys, faili lenye orodha ya funguo zinazoruhusiwa, ili mtu akiiba kompyuta asipate seva pia.

Wapo wanaopendelea Tailscale, programu inayoziunganisha kompyuta zenu kwa teknolojia iitwayo WireGuard. Ni nyepesi kuweka na haihitaji seva yako. Lakini ni VPN, yaani mtandao binafsi unaopita ndani ya intaneti, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN wazisajili. Ukienda njia hiyo, lisome tangazo lile kwanza.

Ukiwa ndani, anza na programu ya tmux kabla hujagusa apt, chombo cha kuweka na kusasisha programu. Mtandao wetu unakatika; tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja na nchi ikayumba. Hata siku za kawaida laini inaweza kuanguka katikati ya kusasisha. Ndani ya tmux kazi inaendelea upande ule, ukirudi unaandika tmux attach na kuikuta ilipofika. Kitakachoikata ni umeme, kwa sababu kompyuta za mezani hazina betri na LUKU ikiisha hakuna anayeuliza apt imefika wapi. Ukiwashwa tena, sudo dpkg --configure -a kwa kawaida inamalizia kilichobaki. Ndiyo maana pia nawasha Timeshift, inayohifadhi nakala za mfumo ili uweze kuurudisha nyuma, siku ya kwanza, na kwenye BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe) naweka mashine ijiwashe umeme ukirudi.

Mama mdogo alishaniambia: kompyuta ni yake, ila ikigoma inakuwa yangu. Ananipigia, namwamkia, anaitikia marahaba, halafu, "Kompyuta yako haitaki kuchapa." Nami jibu langu ni moja: "Bonyeza MSAADA, mama." Nikishaingia, mara nyingi ni foleni ya CUPS, mfumo wa kuchapa wa Linux, imesimama na amri ya cupsenable inaizindua.

Bei ya huduma hii mpatane mapema, kwa mwezi siyo kwa kila simu, maana ukitoza kwa simu atavumilia tatizo mpaka liwe kubwa. Na mkiacha kufanya kazi pamoja, futa ufunguo wako kwenye authorized_keys yake na ufunguo wake kwenye seva, siku hiyo hiyo, huku anaangalia.