Kerneli Ikinyamaza, Tazama Anwani Kwanza

Jana usiku mdogo wangu mmoja wa Iringa, anayejaribu kuwasha kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) kwenye bodi, ile kompyuta ndogo ya kipande kimoja, kaniandikia: "Kamwene kaka. Bodi inawaka taa, waya wa seriali unaonyesha kerneli inapakiwa, halafu kimya. Nimekompaili mara tano. Nifanyeje?" (Waya wa seriali huleta maandishi ya bodi kwenye kompyuta; kukompaili ni kugeuza msimbo kuwa programu ya mashine.)

Nikaikumbuka Julai yangu ya Uyole, Mbeya. Nilikuwa na bodi ya BeagleBone Black, kazi ya mteja aliyetaka kupima baridi kwenye shamba lake la parachichi huko Rungwe. Kila jioni, blanketi mabegani, nakompaili Linux kwenye laptop kuukuu. Saa tatu zinakwisha, umeme unakatika, naanza upya. Mara tisa! Mteja akachoka, akasema mbele ya watu kwamba kazi hizi tuwaachie vijana wa Dar. Mpaka leo nikishika njia ya Tukuyu neno lile linanichoma.

Na kerneli yenyewe haikuwa na kosa lolote. Amri ya kufungasha uImage (faili la kerneli lenye kichwa cha maelezo) niliinakili kwenye maelezo ya bodi nyingine yenye prosesa ya Allwinner, ambayo RAM yake (memori ya kufanyia kazi) huanzia anwani 0x40000000; hiyo 0x ni alama ya namba za msingi wa 16. LOADADDR, yaani anwani ya kupakia kerneli, nikaiacha vilevile, 0x40008000. Prosesa ya BeagleBone ni AM335x; RAM yake huanzia 0x80000000. Kule kwenye 0x40000000 imekaa ROM ya kuwashia, na ROM haiandikiki. U-Boot, programu inayopakia kerneli bodi ikiwashwa, ilitii tu nilichoiagiza: mzigo wa soko la Mwanjelwa ikaupeleka kwenye ghala lisilo na mlango.

Usiku wa kumi nikaandika bdinfo, amri ya kuonyesha taarifa za bodi, kwenye U-Boot. Ikanijibu: RAM inaanzia 0x80000000, ukubwa 0x20000000, yaani MB 512. Nikajumlisha 0x8000, zile KB 32 zinazoachwa chini ili kerneli ipate pa kuweka jedwali lake la kwanza la kurasa, yaani orodha ya mpangilio wa memori. Jibu: 0x80008000. Wala sikukompaili tena. Anwani ile hukaa kwenye kichwa cha uImage, baiti 64 tu. Mkimage, programu ya kufungasha uImage, yenye -a (anwani ya kupakia) na -e (anwani ya kuanzia) mpya ikamaliza kwa sekunde chache. Maandishi yakamiminika kwenye kioo, nikatokwa machozi. Kifaa kipo shambani, kinapima.

Vijana wenzangu, acheni kunakili namba msizozijua! Kila bodi ina ramani yake ya memori, imo kwenye kitabu cha prosesa, na mara nyingi kitabu hicho ni bure. Kisomeni. Anayekompaili mara tisa bila kujua RAM yake inaanzia wapi anachosha mashine na kuchoma umeme wa mzazi wake. Nawaambia kwa uchungu kwa sababu nililipia.

Mdogo wangu wa Iringa, usikompaili mara ya sita. Washa bodi, bonyeza kitufe kwenye kibodi ya kompyuta kabla U-Boot haijamaliza kuhesabu, andika bdinfo, unitumie mistari ya RAM pamoja na LOADADDR uliyotumia. Leo nipo macho hadi saa sita.