Nyumba ya kutisha ya kuchangia afya ya akili? Mimi nasema hapana, na sababu ni hizi

Mleta mada, umeuliza kama kamati yenu iandae nyumba ya kutisha, yaani ile ambayo watu hulipa kuingia ili watishwe na waigizaji, yenye sura ya "wodi ya vichaa" ili kuichangia asasi ya afya ya akili. Umesema pia wenzako hawaoni tatizo, kwa kuwa watu watajaa na pesa itapatikana. Mimi nasema hapana. Nitaeleza kwa kirefu maana jambo hili linanigusa pande mbili: naishi na ugonjwa wa baipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na kwa miaka mingi nimejitolea kwenye kamati ya kuchangisha fedha ya asasi ya aina hiyohiyo.

Hoja ya "pesa itapatikana" ina historia mbaya. Hospitali ya Bethlem ya London, ile iliyojulikana zaidi kwa jina la Bedlam, ilikuwa ikiruhusu watu baki kuingia kutazama wagonjwa, nao watazamaji wakitumbukiza sadaka kwenye masanduku. Wakuu wa hospitali waliona ni njia halali ya kupata fedha na kuvuta wafadhili. Siku za sikukuu umati ulimiminika, na wapo waliowachokoza wagonjwa makusudi ili wawaone wakipandwa na hasira. Ni mwaka 1770 tu ndipo kuingia kulianza kuhitaji kibali. Fedha zile ziliingia kweli, na bila shaka zilinunua chakula na kuni. Lakini aliyelipia gharama yake ni mgonjwa aliyetazamwa.

Nyumba yenu ya kutisha inarudia jambo lilelile, tofauti ni kwamba mgonjwa ataigizwa. Mtu atanunua tiketi, atakimbizwa na "kichaa" mwenye panga na nguo zenye damu, kisha atatoka nje akiwa ameongezewa hofu ileile ambayo asasi inahangaika kuifuta mwaka mzima. Ukweli ni kwamba mwenye ugonjwa wa akili ana uwezekano mkubwa zaidi wa kudhuriwa kuliko kudhuru. Mwaka 2013 maduka ya Asda na Tesco huko Uingereza yaliondoa sokoni mavazi ya kuigiza "kichaa" wa namna hiyo baada ya watu kulalamika, na Asda wakatoa pauni 25,000 kwa Mind, shirika la hisani la afya ya akili. Kilichonigusa zaidi wakati ule ni wagonjwa wenyewe: walipiga picha wakiwa na nguo zao za kila siku, wakazirusha mtandaoni wakisema, hivi ndivyo mgonjwa wa akili anavyovaa.

Hilo la wodi liko wazi, na ukilieleza vizuri kamati itakuelewa. Kazi ipo kwenye hafla ambazo hazina ubaya unaoonekana. Kipimo ninachotumia mimi ni swali moja: yule tunayemchangia akitaka kuja, ataweza kuja na kurudi nyumbani salama?

Chukua usiku wa kuonja mvinyo. Dawa nyingi tunazotumia hazipatani na pombe, na wapo wenzetu ambao pombe ndiyo iliyowafikisha pabaya. Ukiweka pombe kama kiini cha hafla, umeshawafungia mlango. Vivyo hivyo mashindano ya kupunguza uzito, watu wakipimwa hadharani: sitaki hata kufikiria anavyojisikia mtu mwenye tatizo la kujinyima chakula akiliona bango lake.

Mikesha nayo inahitaji uangalifu. Kwa mtu wa baipola kama mimi, kukosa usingizi kunaweza kuamsha mania, yaani kipindi cha hisia na nguvu kupanda kupita kiasi, na mania ikishashika hujui itakuachia wapi. Simaanishi kila tukio la usiku ni baya. Matembezi ya Darkness Into Light (Gizani Hadi Nuruni), ya kuchangia kuzuia watu kujiua, yaliyoanza Dublin, Ireland, mwaka 2009 huanza saa 10:15 alfajiri, watu wanatembea kutoka gizani mpaka kunapopambazuka, na maana yake naiheshimu sana. Aliyelala mapema anaweza kushiriki. Kukesha saa 24 kwa kushindana ni habari nyingine. Na kwenye mbio ndefu, waambieni mapema wanaotumia lithiamu, moja ya dawa za baipola, wazungumze na daktari wao, kwa sababu mwili ukipoteza maji na chumvi, kiwango cha dawa hiyo kwenye damu hupanda.

Kuruka kwa parachuti? Utafiti wa Scotland uliochapishwa mwaka 1999 uligundua kwamba kila pauni moja iliyochangwa na warukaji wa hisani iligharimu huduma ya afya ya umma pauni 13.75 kwa kutibu majeruhi. Sina la kuongeza hapo.

Ila kinachoniumiza kuliko yote ni ushuhuda wa jukwaani. Niliwahi kuhudhuria chakula cha jioni cha wafadhili ambako binti mmoja aliombwa asimulie alivyojaribu kujiua. Alikuwa amejiandaa, karatasi yake mkononi, akasoma vizuri sehemu ya matibabu na namna alivyorudi masomoni. Mshereheshaji akamkatiza, akataka aeleze alitumia njia gani. Binti akaikunja ile karatasi, akaikunja tena, akajibu kwa sauti ndogo. Ukumbi ukapiga makofi, na papo hapo mnada ukaanza huku yeye bado amesimama akitafuta pa kushukia. Shirika la Afya Duniani linawaelekeza waandishi wa habari wasieleze njia aliyotumia mtu kujiua, kwa sababu maelezo hayo yanaweza kumsukuma mwingine aliye kwenye hali hiyohiyo. Ukumbini mle, kati ya watu wote wale, unadhani hakuwepo hata mmoja?

Kwa hiyo anayesimulia achague mwenyewe aseme nini, asaini baada ya kuisoma habari yake, awe na ruhusa ya kughairi hata dakika ya mwisho, na awepo mtu wa kukaa naye baadaye na wa kumpigia simu kesho yake. Na wagonjwa wawe ndani ya kamati kabla tiketi hazijachapwa, siyo kuitwa kubariki kilichokwisha kuamuliwa.

Kuhusu yenu, kama ukumbi umeshalipiwa msiupoteze. Mwaka 2016 kampuni ya viwanja vya burudani ya Six Flags huko Marekani ililalamikiwa kwa nyumba yake ya kutisha iliyofanywa kama hospitali ya vichaa, ikawaondoa wagonjwa wa kuigiza na kuweka mazombi. Wekeni mizimu, popo na majeneza, tangazeni mlangoni kuwa kuna giza na kelele za ghafla, na tengeni chumba kimoja chenye taa na utulivu kwa atakayezidiwa. Watoto watapiga mayowe vilevile, na tiketi zitauzwa.